Pipa Lililosuguliwa Likang'aa

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya ukuta wa karakana, na Mama Mapipa tayari ameinama kwenye mistari ya nyanya, mkononi ana debe lililotobolewa matundu. Anamwagilia maji. Maji matupu ya bomba. Anamwaga kwenye shina moja mpaka udongo uonekane umeshiba, anasubiri uyanywe, kisha anamwaga tena pale pale.

Nyuma yake mwanamume mrefu, wa miaka sitini na ushei, suruali kaikunja hadi magotini, anakuja na ndoo mbili kutoka bombani. Anaziweka chini taratibu, kama mtu aliyechelewa kufika msibani.

"Hapa, shemeji?"

"Hapo hapo. Usiyamwage. Wewe lete tu, kumwaga niachie mimi."

Mwanamume anachukua ndoo nyingine mbili tupu na kurudi bombani.

Majani ya mistari miwili ya nyanya yamejikunja. Kingo zake zimekauka, zina rangi ya karatasi iliyopitiwa na moto. Mistari mingine imesimama vizuri, mibichi, imejaa maua, na ndiyo inayofanya ile miwili iumize macho zaidi.

Kutoka ng'ambo ya ukuta wa pili, upande wa nyumba za majirani, inasikika sauti ya mwanamke.

"Mama Mapipa! Mbona siku hizi hatunusi kitu huko? Umehama bila kuaga?"

"Bado nipo, jirani."

"Basi kuna nini? Watoto wamekunywa chai leo bila kulalamika. Nikasema, huko kwa Mama Mapipa kuna mgonjwa."

Mama Mapipa anachekea puani, kicheko kifupi, halafu kinakatika. Mwanamume mwenye ndoo, ambaye amesharudi, anaangalia pembeni.

Yeye ndiye aliyeliosha pipa.

Kwa wapita njia, kulisafisha pipa chafu ni tendo la kupongezwa. Kwa Mama Mapipa, mwenye miaka hamsini na minne, pipa lile lilikuwa limebeba kitu pekee alichotegemea kuondoka nacho kutoka kwenye kiwanja hiki, ambacho baada ya mavuno haya hakitakuwa chake tena. Wala hakijawahi kuwa chake. Hapo ndipo ilipo hadithi yote.

Kazi yake ni kutengeneza mbolea ya maji. Hutia samadi mbichi ya ng'ombe kwenye kiroba, akakifunga mdomo na kukining'iniza kwa kamba ndani ya pipa la maji, kama mfuko wa majani ya chai ndani ya kikombe. Huongeza mkojo wa ng'ombe anaoupata kwa mfugaji wa mtaa wa juu, majani ya kunde yaliyokatwakatwa, maganda ya ndizi mbivu na majivu kidogo. Hukoroga kwa mti mrefu asubuhi na jioni. Siku za mwanzo pipa hunuka kiasi cha kumfukuza mbwa. Baadaye povu hupanda, uvundo hupungua, na harufu hugeuka ikawa kama ya unga uliochachuka. Hapo Mama Mapipa huchovya kidole, akakinusa, akatikisa kichwa kama mpishi.

Haimwagwi ilivyo. Kopo moja la mbolea huchanganywa na makopo kumi ya maji, mpaka rangi ifanane na chai nyepesi isiyo na maziwa. Humwagwa chini ya shina, asubuhi au jioni, kamwe si mchana jua likiwa kali.

"Mmea ni mtoto wa watu," anasema. "Mimi namlisha mama yake. Udongo ukishiba, mtoto atanyonya mwenyewe."

Wiki ikiwa nzuri huuza madumu ishirini kwa wenye bustani na wauza miche. Ikiwa mbaya, hata matano hayatoki. Watoto wake watatu wamesoma kwa madumu hayo na kwa mboga za kiwanja hiki. Wateja huichukua mbolea ikiwa imeshachanganywa, na wengi huimwaga siku hiyo hiyo, kwa sababu hakuna anayetaka kulala nayo nyumba moja.

Lakini kuna kitu ambacho hajawahi kukiuza. Chini kabisa ya pipa hubaki tope jeusi, zito, kiasi cha kujaza bakuli. Yeye huliita mbegu. Pipa likikaribia kwisha, mbegu huachwa pale chini, na mchanganyiko mpya hutiwa juu yake. Likianzishwa pipa la pili, hupandwa kwa mbegu ya pipa la kwanza. Kwa mbegu, pipa huiva upesi na haliharibiki. Bila mbegu, ni kubahatisha.

"Pipa halimalizwi," anaeleza. "Ukilimaliza umeua. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mama mkwe. Mbegu hii aliniletea kwenye chungu wiki niliyoolewa. Wenzangu waliletewa vitenge."

Anacheka tena. Safari hii kicheko kinafika mbali kidogo.

Kiwanja chenyewe kina upana wa malori mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu, na kipimo hicho hakikuchaguliwa ovyo. Kabla ya nyanya, hapa palikuwa maegesho. Yule mwanamume mwenye ndoo, ambaye mtaa mzima unamwita Dereva, ni kaka mkubwa wa mume wa Mama Mapipa. Kiwanja ni chake. Kwa miaka mingi alikuwa akiegesha hapa malori ya matajiri wake kila aliporudi kutoka safari. Magurudumu yaliukandamiza udongo ukawa kama sakafu. Oili ilidondoka, dizeli ikadondoka, hata magugu yakapakataa.

Siku tajiri mpya alipotaka lori lilale kwenye yadi yake, kiwanja kikabaki kitupu. Mama Mapipa akaenda kuomba.

"Nilimcheka," anakumbuka Dereva, ambaye sasa ameketi juu ya ndoo aliyoipindua. "Nikamwambia, lima shemeji, lima tu. Ukipata hata mchicha mmoja hapo, nitaula mbichi na mizizi yake."

Mumewe, ambaye ni fundi baiskeli kwenye kibanda kilicho mwanzo wa uchochoro, anasema mwaka wa kwanza watu walidhani mkewe amepungukiwa.

"Walikuwa wananiuliza, fundi, mkeo anamwagilia lami ili iote nini? Kila jioni anachimba kwa sululu, anamwaga mbolea yake, anafunika kwa majani makavu. Kesho yake vile vile. Halafu siku moja nikasikia ananiita, anapiga ukelele. Nikaacha baiskeli ya mtu imelala chali, nikakimbia, nikijua ameumwa na nyoka. Nafika, ananionesha nyungunyungu."

"Nyungunyungu mmoja," Mama Mapipa anamsahihisha.

"Mmoja! Na machozi yanamtoka. Nikamwambia, mke wangu, ungenitumia salamu tu, ningekuja taratibu."

Mchicha ulipoota, Mama Mapipa aliung'oa mmoja na mizizi yake, akauosha, akaupeleka kwenye sahani mpaka mlangoni mwa lori. Dereva akaula mbichi mbele ya utingo wake. Anasema ulikuwa na ladha ya mchicha, wala si ya dizeli, na kwamba siku hiyo ndipo alipoanza kumheshimu shemeji yake.

Leo ukikanyaga kiwanja hiki mguu unabonyea. Udongo ni mweusi, unamomonyoka mkononi kama keki, na ukiuchimbua kidogo unakuta nyungunyungu wamejisokota kama nyuzi za fundi cherehani. Mvua ikinyesha, uchochoro mzima hufurika. Kiwanja hiki hunywa chote.

Imemchukua karibu nusu ya maisha yake ya ndoa kukifikisha hapa, na hakuna namna ya kukikunja na kukiweka kichwani.

Dereva aliachishwa kazi mwaka jana. Macho. Yeye mwenyewe hulisema kwa lugha ya kazi yake: "Taa za mbele zimefifia." Mchana huona vizuri kwa karibu, mbali huona ukungu. Hakuna tajiri anayemkabidhi lori mtu anayeona ukungu. Wanawe wako mbali na wana mizigo yao. Alikaa nyumbani miezi kadhaa akihesabu magari ya wenzake kwa milio yake, kisha jioni moja akaja kwa mdogo wake, akaketi kwenye benchi, akaomba maji, akayanywa yote kabla hajasema neno.

"Aliniambia, shemeji, mimi nimeishi na usukani, usukani wamenipokonya. Mikono yangu haina pa kwenda. Kile kiwanja, msimu huu ukiisha, nakiomba," Mama Mapipa anasimulia. "Nikamjibu, ni chako, shemeji. Nikaingia ndani nikaosha vyombo. Vilikuwa visafi."

Anaufuta uso kwa ncha ya kanga.

"Angenifukuza ningemchukia, na mambo yangekuwa mepesi. Lakini aliniomba. Mtu mkubwa ananiomba kitu chake mwenyewe. Utamwambia nini?"

Mumewe ana lake la kujutia kuhusu jioni ile.

"Nilikuwepo," anasema, mikono yake ikitafuta kitu cha kushika. "Ningeweza kusema, kaka, tukae tuzungumze, tugawane hata nusu. Ni mkubwa wangu, nikaona aibu. Na miaka yote hii namuona mke wangu anaweka nguvu zake kwenye ardhi isiyo yetu, mimi nimekaa naziba pancha. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza kaka: hivi umetupa, au umetuazima?"

Mama Mapipa akaanza kujipanga kuondoka. Mwenye machimbo ya kokoto alikubali kumpangisha mteremko ulio nyuma ya machimbo yake, ardhi nyekundu yenye mawe, ambayo mbuzi hupita bila kusimama. Alikuwa na mapipa matatu. Akauza mawili apunguze mzigo, mbegu yake yote akaijumlisha kwenye lile la buluu alilobakiza. Hakuogopa mawe. Alishashinda lori.

"Nilijiambia, nikifika na mbegu yangu, nimefika na kila kitu," anasema.

Siku alipokwenda kuukagua mteremko, alimwacha Dereva azilinde nyanya zisichakurwe na kuku. Alimwambia maneno mawili tu: "Angalia kuku." Lakini Dereva si mtu wa kukaa akitazama kuku.

"Nilikaa pale kivulini nikawaza," anasimulia, akikwepa kumtazama shemeji yake. "Huyu mama namwondoa, na hajaninung'unikia hata siku moja. Nikasema, leo akirudi akute kazi imekwisha. Nimemuona mara nyingi akimwaga ile mbolea. Kuchanganya sijawahi kumuona, anachanganyia kule nyuma ya tangi la maji. Basi nikafunua pipa, nikachota kwa ndoo, nikazimwagia nyanya. Nzito vile vile. Nikafikiri kama lori, ukijaza tangi safari inakuwa ndefu."

Ilikuwa mchana, jua limesimama utosini.

Hilo peke yake lingesameheka. Mistari miwili ya nyanya si mwisho wa dunia, na maji mengi huokoa mizizi ambayo haijafa. Lakini pipa lilipokwisha, Dereva alilitazama likiwa tupu, na tope limegandia chini, na ndani yake ikaamka tabia ya maisha yake yote. Utingo wake wa zamani anaweza kushuhudia: lori la Dereva halikulala chafu hata safari iwe ndefu vipi. Ukirudisha chombo cha mtu, unakirudisha kisafi. Akaenda nyumbani kuchukua brashi yake ya magurudumu na sabuni ya unga. Akalikwangua tope kwa mwiko, akalimwaga kwenye mtaro wa karakana, mbali, lisilete nzi. Akalisugua pipa nje na ndani, akalisuuza mara kadhaa, akalipindua juani likauke.

Mama Mapipa aliporudi, kitu cha kwanza kukiona ni buluu. Hakuwa amewahi kujua kwamba pipa lake lilikuwa na rangi nzuri namna ile.

"Shemeji, pipa limefanya nini?"

"Nimelisafisha! Njoo uone, unaweza kunywea maji humo."

"Na lile tope la chini?"

"Lile? Lilikuwa limeganda, shemeji, limekusumbua miaka. Nimelimwaga huko mtaroni."

Mama Mapipa alilipindua pipa, akaingiza kichwa chake ndani, akakaa humo muda mrefu kuliko mtu anayetafuta kitu.

"Lilinukia malimau," anasema. "Sabuni ile ina malimau. Mpaka leo nikisikia harufu ya malimau nageuza njia."

Alikwenda mtaroni. Karakana hufungulia maji yake machafu kila jioni, na jioni ilikuwa imeshafika. Alikuta maji yenye ngozi ya oili, yanang'aa rangi rangi, yanakwenda zake. Alichutama pale na kijiko mkononi. Mafundi wa karakana walimuuliza, mama, umeangusha pete? Akawajibu, ndiyo.

Dereva hakuelewa kosa lake mpaka usiku ulipokaribia na mdogo wake akafunga kibanda.

"Kaka, ile ilikuwa ya mama."

"Mama yupi?"

"Mama yetu."

Mama yao alipofariki, Dereva alikuwa barabarani, nchi ya tatu, na lori lililoharibika ekseli. Alifika akakuta ndugu zake wameshazika, wameshagawana vilivyobaki: huyu kanga, yule kinu, yule kiti cha miguu mitatu. Yeye hakudai chochote. Alirudi kwenye lori.

"Kila mtu ana kitu cha mama isipokuwa mimi," anasema, na sasa anamtazama Mama Mapipa moja kwa moja. "Kumbe kilikuwepo, kiko hai, kinanuka hapa kwenye kiwanja changu, na mimi kila nikipita naziba pua. Na kilichobaki nimekimalizia mwenyewe. Kwa brashi."

Maji yanatiririka bombani kwenye ndoo iliyosahaulika.

Kesho yake alimwambia Mama Mapipa abaki. Kiwanja akichukue, yeye atatafuta kitu kingine.

"Utatafuta nini na macho hayo?" Mama Mapipa alimuuliza. "Uuze miwani?"

Wakacheka wote wawili, na siku hiyo neno la kiwanja halikurudiwa.

Siku zilizofuata Mama Mapipa alipita kwa watu aliowahi kuwagawia mbegu. Hakuwa mchoyo nayo. Aliyeomba alipewa, pamoja na masharti yake. Mkulima mmoja wa mabondeni alishahamia mbolea ya dukani na chungu akakifanya cha kuku kunywea maji. Mtunza bustani wa shule alistaafu, na aliyemrithi hakujua hata kama kulikuwa na pipa. Matumaini ya mwisho yalikuwa kwa shoga yake muuza miche, ambaye miaka ile alichukua dumu zima.

"Aliponiona nimeshika kibuyu akajua ninachotafuta," anasimulia. "Akaanza kulia kabla yangu. Akasema, shoga yangu, dumu lipo, lakini nilikuja kulitilia mafuta ya taa. Nikamwambia, usilie, twende tukanunue vitumbua." Anatikisa kichwa. "Nilikuwa nawapa watu mbegu kama mtu anayeweka akiba. Kumbe wenzangu waliona nawapa tope."

Afisa kilimo wa kata, mwanamke kijana anayemfahamu Mama Mapipa tangu alipofika kituoni, alikuja kuziona nyanya. Ndiye aliyeshauri maji mengi, kidogo kidogo, kuusafisha udongo uliolemewa. Kuhusu mbegu alisema anachokijua, bila kumtia moyo wa uongo.

"Pipa lolote la samadi litachacha likiachwa," anasema. "Vijidudu vya kulichachusha viko kila mahali. Nilimwambia, mama, utapata pipa jingine zuri, pengine bora. Lakini akiniuliza kama litakuwa lile la mama mkwe wake, siwezi kumdanganya. Kitu kilicholishwa na kukorogwa miaka mingi kinakuwa na tabia yake. Sijui tabia ile ilikuwa ipi, na sasa hakuna wa kunionesha."

Aliyepata njia ni fundi baiskeli, mtu ambaye kwa kawaida maneno yake kwa siku yanatosha kwenye kisanduku cha spoku. Alikuwa anakula, akaacha kula.

"Mama hakuzaliwa na pipa," akasema.

Mkewe akamtazama.

"Naye alianza mahali. Nilikuwa mdogo, nilimshikia taa ya chemli. Alikwenda nyuma ya nyumba, palipokuwa panaozea majani, pasipolimwa. Akafukua juu juu, akachota udongo konzi moja, akautia kwenye chungu cha samadi. Akaniambia, usimwambie baba yako, atasema napika uchafu."

Konzi moja ya udongo hai, usiolimwa, usiopigwa jua. Mama Mapipa alijua mara moja ni upi. Kwenye pembe ya kiwanja, mahali mapipa yake yalipokuwa yamesimama tangu mwanzo, ardhi imenyweshwa kila tone lililodondoka kutoka kwenye kopo, kila povu lililofurika, chini ya majani makavu ambayo hajawahi kuyafagia. Kama mbegu ya mama mkwe imebaki popote duniani, imebaki pale.

Lakini hakwenda kuchota. Alivaa kanga safi, akaenda kwa Dereva.

"Nilishamwambia kiwanja ni chake," anaeleza. "Neno likishatoka limetoka. Siwezi kwenda kuchota kwa mtu kama mwizi."

Dereva analisimulia tukio hilo akiwa amesimama, kana kwamba kukaa hakufai.

"Nilifungua mlango nikamkuta amesimama hapo amejifunga kanga mbili. Nikajua sasa amekuja kunitukana, nikasema afadhali. Akaniamkia. Akasema, shemeji, nimekuja kukuomba udongo konzi moja."

Anaelekeza kidole kwenye udongo.

"Ananiomba mimi. Udongo. Mimi nilichoweka pale ni oili."

"Akaniambia chukua toroli zima," Mama Mapipa anadakia.

"Nikamwambia achukue kiwanja!"

"Nikamwambia konzi inatosha."

Jana jioni walikwenda pamoja. Dereva alifukua majani, kwa vidole, taratibu, maana sasa amekuwa mwoga wa kusafisha kitu chochote. Mama Mapipa alichota. Udongo ulikuwa na uvuguvugu, anasema, kama tumbo la paka. Akautia kwenye pipa la buluu, juu ya samadi mpya, wakakoroga kwa zamu.

Wiki moja baadaye, mistari miwili ya nyanya imetoa majani machache mapya, madogo, ya kijani kisicho na uhakika. Mashina mengine hayatarudi, na Mama Mapipa ameshayang'oa. Pipa liko mahali pake. Dereva analikoroga kwa mti mrefu, ameshika kwa mikono miwili kama usukani, akizungusha upande mmoja tu kama alivyoagizwa. Harufu ni mbaya. Ni ile ya siku za mwanzo, ya kufukuza mbwa.

Mama Mapipa anachovya kidole, anakinusa. Anakinusa tena.

"Siyo," anasema hatimaye. "Ile ya mama mkwe hata siku za mwanzo ilikuwa na kitu kama moshi kwa mbali. Hii haina. Hii ni nyingine." Anakifuta kidole kwenye majani. "Lakini inafanya kazi. Povu hilo hapo."

Mavuno yakiisha, mpango wake ni kuligawa tope la chini mara mbili. Nusu itakwenda naye kwenye mteremko wa machimbo, kwenye chungu, kama ilivyomjia yeye. Ameshaanza kutenga majani makavu, na sululu imetiwa mpini mpya. Anakadiria kwamba kwa nguvu alizobaki nazo anaweza kuupata mchicha wa kwanza. Udongo wa kubonyea mguu, huo hana hakika kama atauona.

Nusu ya pili itabaki hapa.

"Hiki kiwanja nimekilea, siwezi kukiacha na njaa," anasema. Kisha anamgeukia shemeji yake. "Kopo moja kwa mangapi?"

"Kumi."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi au jioni. Mchana nikae kivulini nitazame kuku."

"Na likikaribia kwisha?"

Dereva anaacha kukoroga. Anainama juu ya pipa, macho yake yasiyoona mbali yakijitahidi kuona chini kabisa.

"Naacha," anasema. "Ya mama naacha."

Mama Mapipa hamsahihishi.

Ng'ambo ya ukuta dirisha linafungwa kwa kishindo.

"Mama Mapipa! Mnatuua huku!"

"Vumilia, jirani," anajibu, akiokota debe lake. "Nakaribia kuhama."